Mwavuli wa Kiangazi

Sura ya Tatu

Kabla sijaendelea, naapa: kila neno la sura hii ni kweli tupu. Naapa kwa blanketi alilozikwa nalo baba yangu. Nikikamatwa na uongo hata wa ukubwa wa kiroboto, mtungi mzima wa pombe ya mtama utatoka kwangu, na nitaubeba kichwani mimi mwenyewe kupandisha kilima cha kijiji cha Ha Ramosoeu, watu wote wakiniangalia. Wanaoyajua magoti yangu wanajua sitanii. Haya, tuendelee.

Sajini Nthabeleng Maphike alifika asubuhi kwenye nyumba ya wageni ya Baba Letuka, ndani ya gari la polisi lililochemka njiani likazimwa, likapepewa kama bibi harusi aliyezimia, ndipo likakubali kupanda. Nyumba yenyewe ilikaa juu ya mgongo wa mlima: vibanda vya mawe vya mviringo, vimeezekwa nyasi, na bango kubwa lililowaambia wageni kwamba wamefika nchi iliyo juu ya mawingu. Hayo mawingu hayakuwa yameonekana tangu mahindi yapandwe. Mahindi yalikuwa yamesokota majani kama masikio ya mbwa mwoga. Mto chini ya bonde ulibaki mawe.

"Ni huyu," alisema Baba Letuka kabla mlango wa gari haujafunguka vizuri. Alimnyooshea kidole kijana mmoja aliyekaa juu ya jiwe karibu na zizi, blanketi begani, kichwa chini.

"Habari za hapa, baba," alisema Sajini.

Letuka akashusha kidole. Hata mwizi hatajwi kabla ya salamu. "Nzuri, mama. Mmelalaje?"

"Tumelala salama. Nyie mmeamkaje?"

"Tumeamka. Ni huyu."

Kijana aliitwa Mohapi. Kazi yake ilikuwa kuwaongoza wageni milimani juu ya farasi, na watu walisema hajawahi kumwangusha mgeni wala farasi. Letuka alikuwa ameshamvua beji ya kuongozea wageni. Ilining'inia kwenye kidole chake mwenyewe kama pete ya kuchezea. Gari la polisi lilipaswa kurudi mjini mchana, kabla injini haijapata wazo jingine. Mohapi angeondoka nalo, isipokuwa Sajini apate sababu ya kumwacha. Kesi ilikuwa ya mali ya kale ya taifa, na hakimu wa wilaya hakuwa na masihara na kesi za namna hiyo.

Sajini aliingia kwanza kwenye kibanda cha maonyesho, Konstebo Khotle nyuma yake na Letuka nyuma ya Khotle. Ndani kulikuwa na vitu vya kuwaonyesha wageni nchi ilivyo: blanketi la kale la chifu, hatamu yenye mapambo ya fedha, ngoma, kofia ya ukindu yenye ncha. Katikati palikuwa na sanduku la kioo, tupu. Kifuniko chake kilikuwa kimenyanyuliwa na kulazwa pembeni kwa adabu, juu ya mkeka, kisichafuke. Sajini akasoma kibao kilichobaki.

"'Mwiko huu ulisonga ugali wa mke wa Chifu Lepheana, aliyeshibisha jeshi zima kwa chungu kimoja, na kikabaki kiporo.' Nani kaandika hiki?"

"Mzee Khoabane. Mstaafu wa migodini. Ndiye anayewaelezea wageni habari za nchi yetu kila jioni barazani. Mwiko alituletea yeye, urithi wa ukoo wake."

Kupitia dirisha, Mzee Khoabane alionekana barazani na wageni wake asubuhi hiyo. Lazima nimweleze msomaji kwamba alikuwa mzee mtanashati, mnyoofu wa mgongo, kofia imemkaa sawasawa, na hapakuwa na mwanamke wa rika lake aliyempita bila kurekebisha kitambaa. Sauti yake ilifika mpaka ndani:

"Watu wanasema nchi yetu ndogo. Si ndogo, imekunjwa. Siku tutakayoipiga pasi, itaifunika ile inayotuzunguka pande zote, na bado tutabakiwa na pindo."

Wageni waliandika.

Sajini alirudi kwenye hatamu, akaishika kwa vidole viwili. "Fedha halisi hii?"

"Halisi, mama."

"Na haikuguswa."

"Kwa sababu mteja hakuitaka," alisema Letuka. "Alikuwepo Mjerumani mmoja hapa, mkusanyaji wa vitu vya kale. Alinibembeleza nimuuzie huo mwiko, nikakataa. Leo alfajiri kaondoka, na aliyempeleka mpaka barabara kuu ni nani? Mohapi. Funguo za kibanda alikuwa nazo nani? Mohapi. Na mimi kwa macho yangu nilimwona jana anapita nyuma ya zizi na kitu kirefu kakificha ndani ya blanketi."

Ilikuwa kesi iliyojipanga yenyewe, na Sajini hakuzipenda kesi za namna hiyo. Alimwambia Khotle awasiliane na wenzao wa mpakani kwa redio. Kisha akatoka, akaketi kwenye jiwe karibu na Mohapi, kama mtu aliyekuja kuota jua.

"Kaka, jana ulibeba nini?"

"Kitu changu, mama."

"Kirefu?"

"Kirefu kiasi."

"Mwiko?"

"Si mwiko."

"Nioneshe basi, tumalize. Gari langu halipendi kusubiri."

Mohapi alikuna shingo. "Siwezi, mama. Nisamehe."

"Unajua ukipanda lile gari hutaongoza wageni tena? Hata ukishinda kesi. Beji haitarudi."

"Najua."

"Na farasi wako?"

Hapo Mohapi alimwangalia farasi wake wa kijivu aliyekuwa akitafuna nyasi kavu.

"Mke unaye?"

"Ninaye. Makananelo. Ndiye mpishi wa hapa."

"Nimwite?"

"Hayupo. Alikwenda nyumbani jana, Ha Ramosoeu, kule chini."

"Na wanawake wengine wa jikoni?"

"Nao walikwenda."

"Wote? Msiba?"

"Hakuna msiba," alisema Mohapi, kisha akaufunga mdomo, na ungedhani kaufunga kwa kitasa.

Sajini alinyanyuka akaenda jikoni. Moto ulikuwa wa mtu asiyejua moto. Kwenye sufuria kulikuwa na uji wenye madonge ya ukubwa wa mayai ya njiwa.

"Nimepika mimi," alisema Letuka mlangoni, kwa sauti ya mtu anayekiri kosa la jinai. "Wageni wameuita chakula cha asili."

Khotle alirudi kutoka kwenye redio. Mjerumani alikuwa amesimamishwa mpakani na mizigo yake kupekuliwa mpaka soksi. Walikuta vyungu viwili vya udongo alivyonunua sokoni na mfuko wa matunda ya pichi yaliyokaushwa. Mwiko hakuna. Aliulizwa kuhusu Mohapi, akasema ni kijana mzuri ila hataki kuongea.

"Basi kauficha hapa hapa," alisema Letuka.

"Tutafute," alisema Sajini.

Walitafuta zizini. Chini ya majani makavu, nyuma ya matandiko ya farasi, Khotle aliingiza mkono akatoa kitu kirefu kilichozungushiwa gazeti. Letuka akapiga paja lake kwa furaha. Sajini akafunua gazeti taratibu. Ulikuwa mwavuli. Mpya, mwekundu, bado una karatasi ya duka kwenye mpini.

Khotle alicheka. "Mwavuli? Mwaka huu? Si ndiyo maana kauficha. Wangemcheka mpaka ahame."

"Utoto tu," alisema Letuka. "Haumwondolei kosa."

Sajini hakucheka. Aliuzungusha mwavuli mkononi. Mtu hanunui mwavuli katika mwaka ambao mbwa wanalamba umande. Akinunua, ama kapungukiwa akili, ama ana habari ambazo wengine hawana. Mohapi hakuonekana kupungukiwa. Sasa, mwongoza farasi anapata wapi habari za mvua? Redio haikuzungumzia mvua. Mawingu hayakuwepo. Habari hiyo aliletewa na mtu, na mtu huyo alimwamini kuliko redio.

Aliurudisha mwavuli kwenye majani kama alivyoukuta, akazunguka nyuma ya kibanda cha maonyesho.

Vumbi lilikuwa laini kama unga, na katika ukame vumbi ni shahidi asiyesahau. Lilionyesha miguu mingi. Mitupu, na mingine ya viatu vya plastiki. Hapakuwa na buti hata moja, wala kwato. Vidole vilizama ndani kuliko visigino: watu wa kukimbia. Alizifuata nyayo kwenda chini, Khotle akihema nyuma, mpaka kwenye kijito kilichokauka. Hapo zilikoma.

Hazikupotea, zilikoma. Zilikuwa zimegeuka. Vidole vyote vilitazama juu, kwenye nyumba ya wageni. Nyasi zilikuwa zimelazwa kwa kukaliwa. Kulikuwa na kokwa za pichi, nyingi, zimetafunwa zikasafishwa na watu wasio na haraka yoyote. Ng'ambo ya kijito nyayo zilianza tena, safari hii za kutembea, zikaelekea kijijini.

"Walipumzika," alisema Khotle.

"Mwizi apumzike huku anaitazama nyumba aliyoiba?"

"Labda walichoka."

"Khotle, hawa hawakupumzika. Hawa walisubiri."

"Wasubiri nini?"

Sajini alipandisha kilima kwa kasi ambayo konstebo aliilalamikia baadaye kwa maandishi. Barazani, Mzee Khoabane alikuwa akiwaeleza wageni jinsi ng'ombe wa milimani wanavyozaliwa na miguu mifupi upande mmoja ili wasianguke. Sajini akamwomba radhi, akamgeukia mgeni mmoja, mama wa Kiholanzi mwenye pua iliyobabuka kwa jua.

"Mama, jana jioni mlikuwa hapa?"

"Tulikuwa hapa. Jana ilikuwa siku nzuri kuliko zote. Tuliona ngoma ya asili."

"Ngoma gani?"

"Wanawake wengi walitoka nyuma ya nyumba wakikimbia na kuimba. Mmoja alishika fimbo juu, akatuonyesha, akapiga kelele. Wakakimbia kidogo, wakasimama, wakatuonyesha tena. Sisi tukapiga makofi."

"Wakafanyaje?"

Mholanzi alifikiri. "Walionekana wamekasirika kidogo. Tukapiga makofi zaidi."

Sajini aliketi chini, palepale kwenye ngazi, akajifunika uso kwa kofia ya polisi. Mabega yake yalitikisika. Alipoitoa kofia, macho yalikuwa na machozi, lakini sura ilikuwa imetulia.

"Baba Letuka," aliita. "Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Ofisini, kwenye simu. Nilisikia kelele, nikafunga dirisha. Nikajua mzee kawaletea wageni burudani."

"Bibi yako aliishi wapi?"

"Mjini. Sote ni watu wa mjini. Kwa nini?"

"Ndiyo maana. Sikiliza. Mvua ikikataa, wanawake wa kijiji kimoja wanakwenda kijiji kingine, wanaingia nyumba ya mkubwa wa pale, wanaiba mwiko wake wa kusongea ugali. Wanautoa nje, wanauonyesha, wanapiga kelele ili waonekane. Wanawake walioibiwa wanatoka mbio kuwafukuza. Mwiko unarushwa, unanyang'anywa, watu wanaanguka, wanachekana, mpaka upande mmoja uufikishe kwake. Hapo ndipo mvua inaombwa. Mama yangu amevunjika jino kwa ajili ya mwiko."

"Lakini hapa si kijiji," alisema Letuka. "Hapa ni biashara."

"Wao walikuona kijiji. Wakaiona nyumba yako nyumba ya mkubwa. Wamekuheshimu, baba. Wewe umewafungia dirisha, na wageni wako wamewapigia makofi. Walikaa pale kijitoni mpaka giza, wanakula pichi, wanangoja mtu wa hapa awafukuze. Hakuna aliyetoka."

Upepo ulipita ukagonga bango la mawingu. Letuka aliitazama ile beji kidoleni mwake kana kwamba mtu mwingine kaivisha pale.

"Na Mohapi?"

"Mohapi ana mke. Mke kachukua funguo zake, kamwambia mvua itakuja, naye akaenda kununua mwavuli. Lakini hayo ni mambo ya wanawake. Mume aliyenong'onezwa na mkewe akiyatia mdomo, mvua inaharibika. Kachagua kufungwa kuliko kuiharibu. Mkewe kule chini hajui hata kama mumewe yuko kwenye jiwe lako tangu asubuhi."

"Sasa utaandika nini, mama?"

"Hiyo ni juu yako. Nikiandika wizi, nitawakamata wanawake wote wa Ha Ramosoeu, na uji utaendelea kupika wewe. Au utawafukuza kama inavyotakiwa."

"Niwafukuze na nani? Wanawake wangu wote ndio wezi."

"Mkeo yuko wapi?"

Mke wa Letuka alikuwa akisikiliza dirishani tangu mwanzo. Alitoka bila viatu, kanga imefungwa kiunoni kwa fundo la vita. "Nilidhani hamtaniita," alisema. "Jana nilizisikia zile nyimbo, moyo ukaruka. Huyu akaniambia ni walevi."

Wanawake wa Kiholanzi walipoelezwa, walianza kufunga kamba za viatu vya kupandia milima. Sajini Nthabeleng alivua vya kwake, akamkabidhi Khotle kofia na mkanda. Kisha akapita kwa Mohapi.

"Mwavuli mzuri," alisema. "Rangi itampendeza."

Mohapi alinyanyua uso. "Sikusema neno, mama."

"Najua. Ndiyo maana nimechelewa."

Wakateremka. Wanaume walibaki barazani kama inavyopasa, Khotle akiwa ameshika viatu vya mkubwa wake kama trei ya chai. Chini, wanawake wa Ha Ramosoeu waliwaona kwa mbali, na kelele iliyopanda iliwatisha farasi.

"Hee! Watu wanaofungia mwiko kwenye kioo wameamka!"

"Tumewangoja jana mpaka makalio yameota mizizi!"

"Leo mmekuja kupiga makofi tena, au mmekuja na miguu?"

Makananelo, mwanamke mrefu mwenye mkono wa mpishi, alikuwa na mwiko. Aliurusha juu ya kichwa cha mke wa Letuka, ukadakwa, ukarushwa tena. Mholanzi mmoja aliupata, akasahau la kufanya, akanyang'anywa na bikizee aliyemshukuru. Sajini alikimbia kama alivyokimbia utotoni, vumbi kooni, mapafu yakimkumbusha umri. Alimfikia Makananelo kwenye mawe ya mto, wakashikana, wakaanguka, wote wawili wakicheka mpaka nguvu zikawaisha. Katika kuvutana, kifuniko cha shaba kilichopamba mwisho wa mwiko kilitoka, kikabaki mkononi mwa Sajini. Alikitazama. Akautazama mwiko pale kilipotoka. Akakitia mfukoni.

"Mumeo yuko juu," alimwambia Makananelo sikioni. "Wamemshika kwa ajili ya mwiko huu. Hajasema kitu."

Makananelo aliacha kucheka. Aliuachia mwiko. Kisha akaanza kupanda kilima, kwanza kwa kutembea, halafu kwa mbio, na kijiji kizima nyuma yake, walioiba na walioibiwa, wamechanganyika. Letuka alimvisha Mohapi beji mbele ya watu wote.

Na hapo hapo, mwiko ulipovuka kizingiti, mbingu ikapasuka. Mvua ya mawe ikashuka, kila jiwe ukubwa wa kichwa cha mbuzi, mto ukajaa ukabeba jogoo na nyumba yake, na Mzee Khoabane, aliyekuwa wa kwanza kukisia siri yote, alisimama barazani akasema kwa hekima...

"Futa," ilisema sauti.

Nilikuwa nikiisoma sura hii kwa sauti, kwenye nyumba yenye bendera nyeupe pale Ha Ramosoeu, wanapouza pombe ya mtama. Waliokuwemo walikuwa wakitikisa vichwa kwa kuridhika. Sikuwa nimemwona Sajini Nthabeleng aliyekaa nyuma ya mlango, bila sare.

"Futa mvua ya mawe, Baba Khoabane," alisema. "Siku ile hakikunyesha kitu. Ilinyesha kesho yake, manyunyu, tukashukuru. Na futa hayo ya kukisia siri."

"Mama Sajini, hadithi bila chumvi—"

Aliweka kifuniko cha shaba juu ya meza. Kilizunguka kidogo, kikatulia mbele yangu.

"Ule mwiko una nyuzi za skrubu mwishoni. Ni mpini wa ufagio, umechongwa ukafukizwa moshi wa mafuta ya taa. Mke wa Chifu Lepheana alinunua wapi ufagio wa dukani?"

Makananelo aliyekuwa akichota pombe aliusimamisha mkono hewani.

"Na swali la pili," alisema Sajini. "Jioni ile ulikuwa barazani na wageni. Wewe si mtu wa mjini. Uliwaona wanawake, ukajua ni nini. Kwa nini hukufungua mdomo, mpaka kijana wa watu akakaa kwenye jiwe?"

Jibu alikuwa nalo mwenyewe, nalo lilikuwa mezani: mwiko ukirudi, mtu angeushika, angeuangalia, angejua niliuchonga mimi. Nilidhani ningesema baadaye. Nilimtazama Mohapi, aliyekaa karibu na dirisha. Hakunitazama kwa hasira. Alinitazama kama anavyomtazama farasi aliyeonyesha tabia mpya.

"Kwa hiyo tumekimbizana kwa ajili ya ufagio," alisema Makananelo polepole.

"Na mvua ikaja," alisema Sajini.

Kisha bikizee mmoja akanikumbusha maneno yangu ya mwanzo kabisa, neno kwa neno, pamoja na blanketi la baba yangu, na wote wakakubaliana kwamba mtungi ujazwe kule chini kwa dada yake, sio hapa.

Nimeandika haya nikiwa nimekanda magoti. Nilipoteremka kuuchukua ilikuwa inanyesha, mvua ya kweli isiyohitaji chumvi yangu. Nilipandisha kilima na mtungi kichwani, watu wamejaa milangoni. Mohapi aliambatana nami hatua kwa hatua, kuhakikisha simwagi, na ule mwavuli mwekundu aliufungua juu ya kichwa chake mwenyewe.